Jana Aliitwa Nani

Bismillahi Rahmani Rahim. Masheikh wetu, wazee wetu, majirani wa Mpendae, wauguzi na madaktari mliofika, jamaa zetu wa Tumbatu mliovuka maji kuja kutufariji, na nyote mliohudhuria hitma hii ya siku ya tatu, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni Majid Wakil, mdogo wa marehemu kwa miaka minne, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha ya dada yetu, Bi Bahiya Wakil Bakar. Kwa kuwa kazi ya namna hii hutakiwa iwe na tarehe zisizogombana na mahali pasipotiliwa shaka, naomba radhi mapema, maana niliyoyaandika juzi siyo niliyoyajua jana, na niliyoyajua jana hayajakaa sawa kifuani mwangu hadi saa hii ninaposimama mbele yenu.

Marehemu alizaliwa Mji Mkongwe, mtaa wa Malindi, katika nyumba ya babu yetu, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Wakil Bakar, karani wa bandarini, na Bi Mardhiya binti Qais. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema tarehe 9 Machi 1957, na jalada la msahafu wa marehemu baba linasema Jumatano, 27 Rajabu 1376, ambayo ni tarehe 27 Februari 1957, yaani siku kumi kabla, na mama alipoulizwa alikuwa akijibu kwamba mtoto alizaliwa alipozaliwa na akaandikishwa baba alipopata nafasi. Mimi nimeuchagua mwandiko wa baba, ingawa marehemu mwenyewe, aliyekuwa hapendi karatasi mbili ziseme mambo mawili juu ya mtu mmoja, hakuwahi kuchagua, bali aliziandika tarehe zote mbili kila alipoulizwa, akamwachia mwenye fomu taabu yake.

Mwaka 1962 familia ilihamia Mtoni, na huko alisoma Kurani chuoni kwa shangazi yetu, Bi Bashira, ambaye tumejaaliwa kuwa naye hapa leo, akahitimu msahafu akiwa na umri wa miaka tisa. Skuli ya msingi aliianza mwaka 1964 akaimaliza 1971, sekondari aliisoma mjini kuanzia 1972 hadi 1975, na mwaka 1976 akaingia chuo cha uuguzi, akatoka mwaka 1979 na cheti, na saa ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini, ambayo hakuivua mpaka alipostaafu.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa katika wodi ya watoto ya hospitali ambayo, juu ya bahasha nitakayoifikia, ameandika kwa mkono wake isitajwe, kwa kuwa, nanukuu, jengo halikufanya kosa lolote. Katika wodi ile alifanya kazi ambayo sisi ndugu zake tuliidhani ndogo, kwa sababu tulimwona akipima, akifuta, akigeuza na kuandika, wala hatukumwona akipasua mtu. Alipasha mikono yake moto kabla ya kumgusa mtoto, alihesabu pumzi kwa dakika nzima na si nusu dakika mara mbili, alifunga mkono wenye sindano ya dripu juu ya kipande cha boksi alichokikata kwa kipimo cha mkono huo na si cha mwengine, aliwafundisha mama zao kumpoza mwenye homa kwa maji ya vuguvugu na kumnywesha anayeharisha kijiko baada ya kijiko, na hakupata kumwambia mtoto hata mmoja kwamba sindano haiumi, bali alimwambia itauma, tuhesabu pamoja mpaka tatu, na kweli ilikuwa ikisha kwenye tatu.

Kupima uzito kwake kulikuwa jambo la ibada, kwa sababu dawa ya mtoto hufuata kilo zake, naye hakukubali kilo za uongo. Mtoto alivuliwa nguo, akavuliwa kikuku cha fedha, akavuliwa na hirizi, na mama aliyesita aliambiwa, "Hirizi nayo ina kilo zake, mwanangu, nipe mtoto, hirizi yako hiyo hapo nakushikia." Tena hakutoka zamu kwa kutupa daftari mezani na kukimbilia gari, alisimama akamsomea anayeingia kitanda baada ya kitanda, akangoja mpaka mwenziwe aseme, "Nimepokea," na asiposema hakutoka, hata mume akiwa nje na baskeli.

Mume huyo ni marehemu Bwana Kheir Kificho, waliyefunga naye ndoa Ijumaa, tarehe 20 Agosti 1982, hapo Malindi. Alikuwa fundi wa mizani wa serikali, akizunguka Unguja nzima kusawazisha mizani katika vituo vya kununulia karafuu, na naomba kazi yake hiyo muikumbuke, kwa kuwa imechangia katika upotofu nitakaoueleza. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Samir, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1984, na Maisara, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1988, na Bwana Kheir alitangulia mbele ya haki tarehe 17 Mei 2011.

Hapa historia hii ina pengo. Kuanzia Julai 1997 hadi Juni 2000 marehemu hakuwa katika wodi yake, alikuwa katika kituo kidogo cha afya huko Kizimbani, kwenye mashamba ya mikarafuu, akifunga vidonda vya wachumaji, na familia iliambiwa kwamba aliomba uhamisho kwa ajili ya Samir aliyekuwa na pumu, apate hewa safi. Hivyo ndivyo tulivyoamini kwa miaka ishirini na saba, na hivyo ndivyo nilivyoandika juzi.

Aliporudi wodini mwaka 2000 alirudi na desturi mpya, ambayo wenzake waliicheka kwanza kisha wakaishika. Muuguzi yeyote kabla ya kutoa dawa huuliza mtoto huyu anaitwa nani, lakini Bi Bahiya aliongeza swali la pili, akamuuliza mama, "Na jana aliitwa nani?" Wenzake walidhani ni mzaha wa mtu aliyekaa shamba, lakini nyote mliokulia visiwani mnaijua mila yetu, kwamba mtoto akizidiwa na maradhi husemwa jina lake zito, limemlemea, akabadilishwa jina hapo hapo kitandani, na la zamani halitamkwi tena ili maradhi yasilifuate. Alistaafu tarehe 9 Machi 2017, kwa hesabu ya cheti na si ya msahafu, akiwa msimamizi wa wodi.

Mwezi Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa na madaktari waliomheshimu, na tarehe 20 Januari mwaka huu wa 2025 akalazwa. Siku ya pili yake kulitokea jambo lililotutia hofu, kwani muuguzi kijana alikuja na dawa akaita jina la bibi wa kitanda cha jirani, na dada yetu, ambaye alilisikia vyema, akaitika, "Naam." Maisara alishtuka, akaona mama akili zinamtoka, lakini yule kijana hakumpa dawa, alishika mkono wake, akasoma karatasi iliyofungwa hapo, akasema, "Bibi, hii si yako," naye akatabasamu kama mtu aliyefuturu, akafumba macho. Sisi tukaenda kumwambia daktari kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, na sasa najua kwamba katika chumba kile kila mtu alikuwa amechanganyikiwa isipokuwa mgonjwa. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa tisa alasiri, akazikwa Jumanne asubuhi katika makaburi ya Mwanakwerekwe.

Jumanne hiyo hiyo baada ya mazishi, Maisara alinipa daftari la skuli alilolikuta ndani ya mkoba wa mama yake, daftari lisilo na jina, lenye tarehe upande wa kulia na kilo upande wa kushoto. Lilianza na 8.7, Juni 1997, kisha 10.4, kisha 12, likipanda mstari baada ya mstari, kila mwaka katika Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi unaofuata Ramadhani, hadi mistari ishirini na tisa. Mimi, nikiwa na kalamu mkononi na historia ikinisubiri, nikaziona karafuu. Mashamba ya Kizimbani yapo, mume fundi wa mizani yupo, na mwaka 2000 ulikuwa na mistari miwili, nikasema moja ni ya msimu mkuu, ule uitwao mwaka, na nyengine ya vuli, kama karafuu zivunwavyo, na nikasahau kwamba mwaka ule Mfunguo Mosi uliandama mara mbili, Januari na Disemba. Mwaka 2019 kilo zilifika 66, mwaka uliofuata zikashuka hadi 57, nikasema bila shaka jua lilikuwa kali. Nikaandika sentensi nzuri sana isemayo kwamba marehemu, pamoja na uuguzi, alikuwa mkulima wa siri wa karafuu, nikaisoma mbele ya familia, na hakuna aliyeipinga, na shangazi Bi Bashira akakumbuka hata mahali lilipo shamba lenyewe, ambalo halipo.

Jana asubuhi ndipo nilipoiona bahasha nyuma ya jalada, na ndani ya bahasha karatasi moja, nayo nitaisoma kama ilivyo.

"Katika historia yangu na hili lisomwe. Alhamisi, 12 Juni 1997, saa kumi na mbili asubuhi, nilimchoma mtoto wa kitanda cha sita, mwenye kilo 8.7, sindano ya degedege iliyopimwa kwa mtoto wa kitanda cha tisa, mwenye kilo 21. Niliita jina mara moja, nikaitikiwa, sikutazama karatasi wala uso. Mtoto alilala, pumzi zikashuka hadi nane kwa dakika, tukampumulisha kwa mfuko mpaka magharibi. Aliishi. Niliandika kosa katika kitabu cha ripoti, nikatakiwa niuchane ukurasa, sikuuchana, nikahamishwa. Kosa ni langu. Bibi yake sikuwahi kumwomba radhi. Anayesoma asilipambe."

Ndugu zangu, sikulipamba. Shangazi alisema, na alisema haki, kwamba maiti hatajwi ila kwa wema wake, akanitaka karatasi ile niichome moto na karafuu nizirudishe, kwa kuwa karafuu hazijamdhuru mtu. Mimi niliona kwamba mtu aliyekataa kuchana ukurasa mmoja akapoteza miaka mitatu, hastahili kuchaniwa ukurasa huo na ndugu yake siku ya tatu ya kufa kwake. 

Jana baada ya adhuhuri akaingia mlangoni Bi Mize, mama mtu mzima kutoka Tumbatu, ambaye hatukumjua, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alipokea shikamoo zetu, akakaa juu ya mkeka, akaomba aonyeshwe anayeandika habari za marehemu, nami nikaitwa. Ninayanukuu maneno yake kwa idhini yake, naye yupo hapa upande wa akina mama.

Alisema kwamba mwaka 1997 mjukuu wake, aliyeitwa Rasha, alilazwa kwa malaria katika kitanda cha sita, na siku ya tatu akazidiwa, na mwalimu mmoja akapeleka salamu kutoka kisiwani kwamba jina la Rasha ni zito, mtoto aitwe Khawla, na atakayeitika kwa jina la zamani ameyarudisha maradhi. Alfajiri Bi Mize akambadilisha jina, kimya kimya, bila ya kumwambia muuguzi, na hakujua kwamba kitanda cha tisa kilikuwa na Khawla mwengine. "Akaja Bi Bahiya na kisahani chake," alisema, "akaita Khawla, nikaitika mie. Akaniuliza tena, huyu ndiye Khawla? Nikamwambia ndiye. Mara mbili kaniuliza, bwana wee, mara mbili. Kosa lake lipi?"

Nikamwonyesha karatasi, nikamsomea kwamba marehemu ameandika aliita mara moja na hakutazama. Bi Mize akakasirika. "Nyie watu wa mjini mnapenda makaratasi, hata kosa la mwenzenu mnajiandikia nyie," akasema. "Mie nlikuwepo. Karatasi ilikuwepo?"

Nikamjibu kwamba karatasi haikuwepo, lakini aliyeiandika alikuwepo, na yeye akanijibu kwamba aliyeiandika alikuwa akilia, na mtu anayelia hahesabu. Mimi nimemjua dada yangu miaka sitini na tatu, na sijapata kumwona akikosea hesabu, na Bi Mize nimemjua siku moja, na sijapata kumwona mtu anayeng'ang'ania kosa namna ile. Waliokuwepo pale ni wawili, mmoja ametangulia na kauli yake imeandikwa, mwengine yupo hai na kauli yake inapingana nayo, na kila mmoja anaivuta lawama upande wake kama watu wanaovutana kulipa nauli. Sijui aliuliza mara moja au mara mbili. Mwenye kujua zaidi yangu ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Ndipo yule mjukuu akaliona daftari mapajani pangu, akalivuta, akaanza kulisoma kama mtu anayesoma barua yake. "Hizi kilo zangu," akasema.

Alieleza kwamba tangu anapata akili, kila Mfunguo Mosi, Bi Bahiya alikuwa akifika kwao, amepanda gari mpaka Mkokotoni na chombo mpaka kisiwani, na mizani ndani ya kikapu chini ya kanga, ile ile mizani ambayo sisi, Bwana Kheir alipokuwa hai, tulidhani anaipeleka kazini kwake kusawazishwa, anampima, anamhesabia pumzi dakika nzima, anaandika, anakunywa chai, anaondoka. "Wenzangu sikukuu wakipewa mkono wa Idi, mie nikipandishwa mizani kama kondoo wa kuchinja," akasema, na msiba mzima ukacheka, akaongeza kwamba mwaka ule wa 66 haukuwa wa mavuno, ulikuwa wa ujauzito wa mtoto wake wa kwanza.

Nikamuuliza Bi Mize, kwa miaka yote hiyo, na chai zote hizo, hamkuwahi kusemezana habari ya siku ile? Akainamisha kichwa, akasema, "Nikidhani ananijia mie. Kila akija najisemea, leo ataniuliza kwa nini uliitika. Haulizi. Namtilia chai." Na dada yetu, kwa ushahidi wa karatasi yake, alikuwa akienda kila mwaka kwa nia ya kumwomba radhi yule yule bibi, akimtazama akitia chai, akaona mtu ambaye hajasamehe, akarudi na kilo. Wanawake wawili wamekaa juu ya mkeka mmoja mara ishirini na nane, kila mmoja anamwogopa mwenziwe kwa kosa alilojipa mwenyewe, na mtoto kati yao ananenepa.

Jana magharibi nilimwendea imamu wa mtaa wetu, nikamweleza nilivyochanganyikiwa, kwamba sijui nimwombee marehemu radhi au nimpe Bi Mize radhi kwa niaba ya marehemu, naye akaniambia kwamba wanaogombea kosa waachwe na Mola wao, lakini haki ni ya aliyedhurika, na aliyedhurika yupo, ana mdomo, akaulizwe yeye.

Nikarudi nikamuuliza, na kwanza nikamuuliza kama dada yangu alivyofundisha, anaitwa nani, na jana aliitwa nani. Akasema kwao anaitwa Khawla, na katika vyeti vyake vyote ni Rasha mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyekwenda kubadilisha. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno yake yote, "Mie kosa silijui, nlikuwa nimelala. Namjua Bi Bahiya anayekuja na mizani. Kama radhi zinatakiwa, basi nimetoa, kwake na kwa bibi, kwa majina yangu yote mawili."

Kwa hiyo historia hii inabaki na kauli mbili zisizopatana juu ya asubuhi moja, kama ilivyo na tarehe mbili za kuzaliwa, nami, niliyezoea kusawazisha kila mstari mpaka ukakaa, huu nimeshindwa kuusawazisha, na nimeamua kutojaribu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu dada yetu tangu Agosti 2023, na hasa yule kijana aliyesoma karatasi ya mkononi kabla ya kutoa dawa, ambaye jina lake tumeliuliza na hakutaka litajwe, nawashukuru majirani wa Mpendae waliopika, waliochota maji na waliokesha na wafiwa, wenzake wa wodi ya watoto wa zamani na wa sasa, masheikh wetu, jamaa zetu wa Mtoni, na jamaa zetu wa Tumbatu, ambao tuliwapata jana na hatuna nia ya kuwapoteza. Yeyote aliyekosewa na marehemu kwa jambo tusilolijua tunamwomba naye amsamehe.

Asubuhi ya leo, kabla hamjakusanyika, Khawla aliiomba mizani, tukaitoa katika kikapu, akavua bangili, akavua ushungi mzito, akapanda, na Maisara akasoma, nami nikaandika chini ya mstari wa ishirini na tisa, kwa mwandiko usiofikia ule ulio juu yake, 6 Februari 2025, kilo 58. Mfunguo Mosi haujafika, najua, lakini mwenye daftari hangeweza kungoja.

Leo anaitwa marehemu. Jana aliitwa Bi Bahiya, mama Samir, dada. Mwenyezi Mungu amsamehe, amrehemu, na amfanyie kaburi lake kuwa bustani katika mabustani ya Peponi, amin. Dada, ripoti imesomwa yote, hakuna ukurasa uliochanwa, usisimame tena mlangoni ukitungoja. Nenda ukapumzike kwa amani.

Tumepokea.